Shore, Kunguru na Dhima ya Nia Njema

Kila alfajiri, baada ya adhana na kabla magari hayajaanza kupiga honi Darajani, husikia ndege mmoja akilia juu ya mpapai ulioota uani kwa jirani yangu, hapa Mji Mkongwe. Simwoni, kwani ukuta wa jirani ni mrefu na macho yangu si yale ya zamani. Lakini sina haja ya kumwona. Ni shore. Huniamsha kwa uhakika zaidi kuliko saa ya mezani niliyopewa siku niliyostaafu, na kila anaponiamsha hunikumbusha jambo nililolifanya zaidi ya miaka thelathini iliyopita, nilipokuwa mwalimu mkuu wa skuli moja ya shamba, kusini mwa kisiwa chetu cha Unguja. Jambo lenyewe ni dogo. Halikuandikwa katika ripoti yoyote wala hakuna mkaguzi aliyeniuliza habari zake. Hata hivyo, swali lililozaliwa na jambo hilo halijaniacha mpaka leo, nalo ni hili: je, nia njema humwondolea mtu dhima ya alichokitenda?

Kwanza nimweleze huyo shore, maana vijana wengi wanamsikia kila siku wala hawamjui. Ni ndege wa kadiri, mkubwa kidogo kuliko jurawa. Kichwa chake ni cheusi na kina kishungi kifupi, ambacho hukiinua anaposhtuka. Mgongo wake ni wa rangi ya udongo, tumbo lake limefifia kuwa jeupe, na chini ya mkia ana rangi ya manjano, kama mtu aliyekalia bizari bila kujua. Hana mapambo mengine. Wazungu humwita bulbul, jina walilolichukua kwa Waajemi na Waarabu, ambao kwao bulbuli ni ndege mwingine kabisa, yule anayesifiwa na washairi kwa kuimba usiku. Shore wetu hakujaaliwa sauti ya kusifiwa na washairi. Wimbo wake ni mfupi, sauti tatu nne zinazopanda na kushuka, kama mtu anayeuliza na kujijibu mwenyewe. Lakini huurudia tangu kunapopambazuka, na mara nyingi yeye ndiye wa mwanzo kusikika na wa mwisho kunyamaza.

Huishi wawili wawili, dume na jike, na huwezi kuwajua kwa sura yupi ni yupi. Hula wadudu, lakini zaidi hula matunda: mapapai, mapera, na hata pilipili, kwani ndege hawausikii ule ukali unaotutoa sisi machozi. Akisha kula huruka akaziangusha mbegu mahali pengine pamoja na kinyesi chake. Mpapai wa jirani yangu haukupandwa na mtu. Uliota wenyewe kwenye ufa wa sakafu, na mimi sina shaka juu ya nani aliyeuleta. Ukienda Jozani, au ukipita katika vichaka vya maweni upande wa mashariki ambako jembe haliingii, utaona miti mingi iliyopandwa kwa njia hiyo hiyo. Ndege wala matunda ni wakulima wasiodai ujira.

Bibi yangu, aliyenilea shamba, alikuwa na sababu nyingine ya kumpenda shore. Shore akimwona nyoka, paka au bundi, hatoroki kimya kimya. Husimama juu ya tawi karibu naye, akainua kishungi na kupiga kelele za haraka haraka, na shore wengine wakaja wakamsaidia, mpaka adui akaona haya akaondoka. Bibi akisikia kelele zile alikuwa akiacha kukuna nazi na kuchukua fimbo. "Mwanangu," akiniambia, "usiende chini ya mwembe huo mpaka shore anyamaze." Hakuna siku niliyomwona bibi amemrushia shore jiwe, hata pale alipomkuta anadonoa mapapai yake. Akisema kwamba mlinzi naye hula.

Sasa nije kwa kunguru. Kunguru hawa tunaowaona leo kila mahali, wembamba, weusi wenye shingo ya kijivu, si wenyeji wa kwetu. Asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Unguja katika miaka ya 1890, baada ya visiwa hivi kuwekwa chini ya himaya ya Waingereza, na sababu ya kuletwa kwao ilikuwa usafi. Mji ulikuwa umejaa taka. Wageni wa karne ile, akiwemo David Livingstone aliyekuwapo hapa mwaka 1866, waliandika kwa uchungu juu ya uvundo wa ufuo wake. Mtu aliyewaleta kunguru aliona kwamba ndege hawa wanasafisha miji ya India, basi kwa nini wasisafishe na huu? Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa upande mmoja. Kunguru wanakula taka kweli. Alilolisahau ni kwamba kunguru hali taka peke yake.

Hula mayai ya ndege wengine na makinda yao. Hula vifaranga vya kuku. Huwafukuza mwewe na huwafukuza hata kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe, ambaye sasa humwoni tena mjini. Ndege hawa walivuka bahari wakaenea pwani ya bara, na ilipofika mwaka 1947 walikuwa wameshaonekana Mombasa. Mzee yeyote wa rika langu aliyekulia hapa mjini atakuambia kwamba tulipokuwa wadogo kulikuwa na ndege wadogo wa rangi rangi hata katika bustani za Vuga. Mmoja mmoja wakaanza kutoweka. Shore alibaki, lakini kwa tabu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilifanywa kampeni ya kuwapunguza kunguru Unguja. Nilisikia habari zake, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu mkuu mwenye ari, niliona kwamba skuli yangu nayo haina budi kushiriki. Hakuna aliyeniamuru. Niliwakusanya wanafunzi mstarini asubuhi moja nikawahutubia kwa kirefu. Niliwaeleza habari za kunguru, alikotoka na madhara yake. Kisha nikatangaza zawadi. Siku zile kalamu za risasi zilikuwa adimu. Watoto walikuwa wakikata kalamu moja vipande viwili, ndugu wawili wakaandikia. Nilikwenda Darajani nikanunua boksi kadhaa kwa mshahara wangu, nikazionyesha pale mstarini na kusema: "Kila yai moja, kalamu moja."

Ndugu msomaji, naomba uyatazame vizuri maneno hayo, maana mimi sikuyatazama. Sikusema yai la nani. Nilidhani hotuba imetosha.

Katika wiki ya kwanza yaliletwa mayai 37. Nilifurahi mno. Nilitengeneza jedwali, darasa kwa darasa, nikalibandika nje ya mlango wa ofisi, na watoto wakawa wanakwenda kulisoma kila asubuhi kama watu wazima wanavyosoma matokeo ya mpira. Wavulana wakubwa wa darasa la sita na la saba ndio waliokuwa wakishinda, kwa sababu kunguru hujenga juu sana, katika vilele vya miembe, kwa vijiti na vipande vya waya. Wadogo hawakuweza kufika huko.

Wiki ya pili alikuja mvulana wa darasa la nne. Alikuwa akikaa na bibi yake, na nilijua hana kalamu kwa sababu mwalimu wake aliwahi kunilalamikia. Alisimama mstarini mbele yangu, akafunua kofia yake aliyoikunja, na ndani yake mlikuwa na mayai matatu. Mayai ya kunguru ni ya rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani, yenye madoa ya hudhurungi. Haya yalikuwa madogo, ya rangi ya waridi iliyofifia, na madoa mekundu kama yaliyonyunyiziwa kwa brashi. Niliyajua papo hapo. Yalikuwa ya shore.

Nilighadhibika. Nilimwambia, mbele ya skuli nzima, kwamba yeye ni mjinga, kwamba amewaua ndege tunaowapigania, na kwamba hakusikiliza neno hata moja katika hotuba yangu. Watoto walicheka. Yeye hakulia. Alifunika tena kofia yake kwa uangalifu, kama vile mayai yale bado yana thamani, akarudi katika mstari wake.

Mchana, hasira iliponiondoka, nilimwita ofisini. Nilimuuliza kwa nini amefanya vile. Akajibu, "Mwalimu, ulisema kila yai." Sikuwa na la kumjibu. Nikamwambia anipeleke kwenye kiota.

Kiota kilikuwa katika mdimu nyuma ya nyumba ya bibi yake. Kilikuwa kikombe chembamba cha mizizi na majani makavu, mahali ambapo mtoto wa umri wake angeweza kufika kwa kupanda juu ya ndoo. Shore wawili walikuwa pale. Walituzunguka wakipiga kelele zile zile za nyoka, vishungi vimesimama, wakitua tawi hili na lile kiasi cha mkono mmoja kutoka usoni mwangu. Nilikuwa nimezisikia kelele zile tangu utoto wangu. Ndiyo mara ya kwanza zilipopigwa juu yangu mimi.

Tuliyarudisha mayai mawili, la tatu lilikuwa limeshapasuka. Hatukufanikiwa. Nilipokwenda tena siku ya pili kiota kilikuwa baridi. Tulipokuwa tukirudi ile siku ya kwanza, mvulana aliniuliza, "Mwalimu, na yale ya kunguru, mama zao nao walikuwa wakilia?" Nikamwambia, ndiyo, walikuwa wakilia. Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Kesho yake nilibandua jedwali na kuisimamisha ile zawadi, nikasema kalamu zimekwisha. Hazikuwa zimekwisha. Zilizobaki nilizigawa kimya kimya, na mvulana yule nilimpa mbili.

Tokea hapo nimekuwa nikilitafakari jambo hili, na nitaeleza nilipofika.

Mwanzo nilijitetea kwa nia yangu. Nilitaka kuwaokoa ndege wetu, na nilitaka watoto wapate kalamu. Nani atalaumu mambo mawili hayo? Lakini kila nilipojitetea hivyo, nilimwona yule aliyeleta kunguru akija kusimama kando yangu na kusema maneno yale yale. Yeye naye alitaka mji uwe safi. Kama nia yangu inanitakasa mimi, basi na yake inamtakasa yeye, na hapo hakuna mwenye kosa juu ya ndege waliopotea katika miaka mia moja na zaidi. Jambo limetendeka, wala halina mwenyewe. Akili yangu ilikataa kulikubali hilo.

Baadaye nilisoma habari za China. Mwaka 1958 serikali ya Mao Zedong ilitangaza vita dhidi ya maadui wanne: panya, nzi, mbu na jurawa. Jurawa waliingizwa kwa kuwa wanakula nafaka. Watu wa miji na vijiji, na watoto wa skuli pamoja nao, walipiga masufuria na ngoma ili jurawa wasitue, mpaka wakaanguka kwa uchovu. Ikaja kudhihirika kwamba jurawa wale walikuwa wakila na wadudu pia. Wadudu wakaongezeka mashambani, na ilipofika mwaka 1960 jurawa wakaondolewa katika orodha, na mahali pao wakawekwa kunguni. Njaa kubwa iliyoipata nchi ile katika miaka hiyo ilikuwa na sababu nyingi, nyingine kubwa zaidi kuliko hii. Lakini niliposoma habari za watoto wale na masufuria yao, nililiona jedwali langu mlangoni.

Mtu ataniuliza: basi tukae tu, tumwache kunguru ale kila kitu? La hasha. Kuacha nako ni kutenda. Kampeni ile ya miaka ya 1990 iliwapunguza kunguru sana, na ilipokoma wakarudi, na leo ukinunua mishikaki Forodhani kabla ya magharibi utawakuta wamekutangulia. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja katika pwani yao. Sisemi kwamba wanakosea. Aliyemwaga maji sebuleni hana budi ayafute, na akikuta maji yamefika hadi kwenye godoro, asiseme kwamba kufuta kunamchosha. Sisi watu ndio tuliomleta ndege huyu, na kazi ya kumrudisha katika kiasi chake ni yetu, hata kama ni kazi mbaya.

Lakini ni kazi mbaya, na hapo ndipo ninapoliona kosa langu. Nilichukua kazi ambayo ilistahili kufanywa na watu wazima, wanaojua yai hili na lile, kwa moyo mzito, nikaigeuza mchezo wa watoto wenye mshindi na mshindwa. Mtoto anapolipwa kwa kila yai, hulitazama yai kama kalamu. Hawezi tena kuliona ni la nani. Mimi mwenyewe nilipokuwa nikijaza jedwali sikuona mayai, niliona tarakimu 37, nikafurahi. Nadhani hivi ndivyo nia njema inavyoharibika. Haiharibiki kwa kugeuka kuwa nia mbaya. Huharibika kwa mwenye nia kuacha kutazama, kwa kuwa anajiamini kwamba nia yake itamtazamia.

Kosa la pili ni la kunguru mwenyewe kubebeshwa mzigo. Katika hotuba yangu nilimwita mwizi, muuaji, mvamizi. Lakini kunguru hakukata tiketi ya kuja Unguja. Anafanya hapa yale yale anayoyafanya kwao, kujenga, kutaga na kulisha makinda yake. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba kunguru ndiye aliyetumwa kumwonyesha Kabili namna ya kumsitiri nduguye aliyemuua. Katika kisa kile ndege ndiye mwalimu, na muuaji ni mtu. Anaweza kuwa lazima apunguzwe, lakini hakuna ulazima wa kumchukia, na mimi niliwafundisha watoto chuki kwa sababu chuki hufundishika upesi kuliko elimu.

Kosa la tatu ndilo linaloniuma zaidi. Matokeo ya amri yangu yaliponijia yamefungwa ndani ya kofia, niliyakana. Nilimwita mjinga aliyetii. Dhima iliyokuwa yangu niliichukua pale pale, mbele ya watu, nikamtwika mtoto wa darasa la nne, kisha nikaja kumfariji faraghani. Nilimwaibisha hadharani na kumwomba radhi kwa siri, tena si kwa maneno, kwa kalamu mbili.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali nililoanza nalo ni kwamba nia njema haimwondolei mtu dhima. Inamwongezea. Aliyetenda bila kukusudia lolote anaweza kusema hakujua alikokuwa akienda. Lakini aliyetenda kwa nia njema amekwisha kudai kwamba anajua lililo jema. Basi na abaki palepale atazame kama limekuwa jema kweli, na kama halikuwa, awe wa kwanza kusema kwa sauti ile ile aliyotangazia zawadi.

Miaka michache iliyopita, nikisubiri daladala Darajani, mtu mmoja mwenye ndevu alinijia akaniambia, "Shikamoo Mwalimu." Nilimwitikia marahaba, kama ninavyowaitikia wengi nisiowakumbuka. Akajitaja, nami nikamkumbuka. Tulizungumza habari za watoto wake na za bibi yake aliyekwisha kufariki. Nilipoona gari langu linakuja nilijikaza nikamuuliza kama anakumbuka yale mayai. Alicheka. "Nitasahauje, Mwalimu? Waliniita Shore mpaka nilipomaliza skuli. Wengine mpaka leo wananiita hivyo."

Nilikuwa sijui. Nilikuwa mwalimu mkuu wake kwa miaka mitatu baada ya siku ile, nikipita kila siku katika ule uwanja, na sikujua. Nilimwomba radhi pale pale, kwa sauti, makondakta wanaita abiria na watu wanatupita na vikapu vyao. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Yamekwisha, Mwalimu. Yamekwisha." Gari langu likaondoka bila mimi. Tulisimama kidogo, kisha naye akaenda zake.

Yeye amesema yamekwisha, na mimi nimempokelea kwa shukrani. Lakini alfajiri shore anapoanza kulia juu ya mpapai, kabla sijanyanyuka, husikiliza kwanza ni mlio gani. Ukiwa ule mfupi, wa kuuliza na kujijibu, hushukuru nikaenda kutia udhu. Ukiwa ule wa haraka haraka, hutoka hadi kibarazani na bakora yangu, nikapiga makofi mpaka kunguru aondoke juu ya ukuta wa jirani. Jirani ameshanizoea. Mjukuu wangu, anayenisaidia kushuka ngazi, aliniuliza juzi kwa nini najisumbua, nami nimemwandikia kurasa hizi.